Mapigo Mawili Mbele ya Duka la Mikate

Wasifu wa marehemu Dugald Rennie Gillanders (9 Machi 1945 – 2 Februari 2025). Unasomwa na binti yake, Rhona, katika kanisa la Kilmorran, Jumatatu tarehe 10 Februari 2025, kabla ya safari ya makaburini.

Marehemu Dugald alizaliwa Ijumaa asubuhi, tarehe 9 Machi 1945, hapa hapa Kilmorran, katika vyumba viwili vya ghorofani kwenye Kichochoro cha Watengeneza Ngozi. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Rennie Gillanders, fundi wa reli, na Bi. Jessie, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli. Bi. Jessie alikuwa akisimulia kuwa mtoto huyu alilia saa nzima bila kupumua, hata jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio. Dugald akikua na kusikia hadithi hiyo alijibu kwamba jirani alikuwa akigonga nje ya mpigo, ndiyo maana hakunyamaza.

Alianza shule ya msingi ya mji mwaka 1950. Familia bado inayo ripoti yake ya darasa la nne, ambamo mwalimu wake aliandika kwa wino mwekundu: "Dugald ni mtiifu, ana sauti kubwa, na hawezi kuhesabu hadi ishirini bila kupotea." Mzee Rennie aliisoma ripoti hiyo mezani, akaikunja, akasema basi huyu hatakuwa karani. Darasani hapo ndipo Dugald alipompata rafiki yake wa kufa na kuzikana, Murdo Mackillop, mtoto wa duka la mikate la nambari 41, Mtaa Mkuu. Kila wakitoka shule, wawili hao walikuwa uani nyuma ya tanuri wakipiga makopo matupu ya mafuta, Murdo kwa vijiti viwili vyembamba na Dugald kwa miiko ya unga. Mama yake Murdo, Bi. Euphemia, aliwavumilia mpaka siku walipopiga makopo yenye mafuta ndani. Siku hiyo walisugua ua wote wakiwa wamepiga magoti.

Tarehe 12 Agosti 1963, wote wawili wakiwa na miaka kumi na minane, walijiunga na Kikosi cha Strathorran, na wote wakachukuliwa kwenye bendi. Murdo alipewa ngoma ndogo ya pembeni. Dugald, kwa kuwa alikuwa na kifua kipana kama kabati, alitwishwa ile ngoma kubwa na kuvikwa ngozi ya chui begani kama desturi ilivyo. Ngozi yenyewe ilikuwa kuukuu, imeliwa na nondo, na upande mmoja ilishonewa kiraka cha zulia. Murdo alimwita "chui wa makumbusho" hadi mwisho.

Ndugu zetu wasio wa bendi waelewe jambo moja, maana lote linalofuata limesimama hapo. Katika bendi ya kikosi, wapiga zumari ndio wanaosifiwa, lakini wanaitii ngoma kubwa. Ikienda, wanakwenda. Na mpiga ngoma kubwa akipiga mapigo mawili ya haraka mahali panapotakiwa pigo moja, hiyo ni amri: malizieni kipande mlichomo, kisha kateni. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mpiga ngoma naye hapigi mawili hayo kwa kupenda kwake, hupiga pale tu mkuu wa bendi, anayetangulia mbele na fimbo yake, anapoinua mkono.

Januari 1967 kikosi kilipelekwa Adeni. Huko watu wa bendi waliweka ngoma chini, wakawa wabeba machela, kama desturi inavyotaka wakati wa vita. Tarehe 3 Juni, katika uchochoro mmoja wa mji ule, Murdo Mackillop aliuawa na bomu la mkono akiwa anambeba majeruhi. Alikuwa ameshika machela upande wa mbele. Dugald alikuwa ameshika upande wa nyuma. Kwa maisha yake yote hakusema zaidi ya hapo, na sisi wanawe hatukumchokonoa.

Kikosi kilirudi nyumbani mwezi wa kumi. Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1967 Kilmorran nzima ilitoka kukipokea. Wengi wenu mlikuwapo, na wasiokuwapo wameambiwa mara mia. Tangu enzi za mababu mji huu umekipa kikosi haki ya kupita Mtaa Mkuu singe zikiwa kwenye bunduki, bendera zimekunjuliwa na ngoma zikilia. Ngoma zikilia, hilo ndilo neno lililoandikwa kwenye ngozi ya mbuzi ukumbini kwa Meya. Bendi kunyamaza katikati ya Mtaa Mkuu ilikuwa ni kumrudishia mwenyeji zawadi yake mlangoni.

Watu walijaa kando zote mbili, watoto wamekaa mabegani, maduka yamefunguliwa milango, vitambaa vinapepea. Mlango mmoja tu ulikuwa umefungwa, na pazia limeshushwa. Ulikuwa mlango wa nambari 41. Dugald aliuona tangu mbali, kutoka kwenye kona ya benki. Alikuwa amejiandaa kwa macho ya Bi. Euphemia, amefanya mazoezi ya uso atakaouonyesha, lakini kwa mlango uliofungwa hakuwa amejiandaa kabisa. Hesabu ikampotea kama ilivyompotea darasa la nne, na mkono wa kulia ukapiga pigo ambalo halikuwapo. Mawili, ya haraka, mazito.

Bendi ikatii. Ikamalizia kipande, ikakata. Mkuu wa bendi mbele hakuwa ameinua mkono, lakini hakuweza kugeuka nyuma, maana mtu hageuki kwenye gwaride. Wapiga ngoma ndogo walidhani kuna amri ambayo hawakuisikia, wakasimamisha vijiti. Mtaa mzima ukawa kimya, zikabaki soli zenye misumari juu ya mawe, askari mia nne, kushoto, kulia. Dugald alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na chui wake.

Hapo mlango wa nambari 41 ukafunguka. Bi. Euphemia akatokeza kizingitini, aproni kiunoni, ameshika ndoo ya maji kwa mikono miwili, akasimama hapo hapo. Kapteni wa kombania ya kwanza alikuwa akimfahamu, maana yeye ndiye aliyemwandikia barua ya msiba. Akatoa amri ambayo kwa kawaida hutolewa mbele ya jenerali: "Tazama kulia!" Kombania zote nne, moja baada ya nyingine, zikamgeuzia uso mama yule na ndoo yake. Wanaume wazima kando ya barabara walivua kofia na kulia waziwazi. Picha ilitoka gazetini Jumatatu, na iko ukurasa wa tatu wa kijitabu mlichoshika.

Jioni Dugald aliitwa kwa Kanali. Alikwenda akiwa amekwisha kufunga vitu vyake kwa ajili ya mahabusu. Kanali alisimama, akampa mkono.

"Gillanders, nani alikupa wazo lile?"

Dugald alifungua kinywa aseme kweli. Akaona macho ya Kanali yamejaa maji.

"Hakuna, afande," akasema.

Na kweli hakuna aliyempa. Miaka hamsini baadaye alikuwa bado akijitetea moyoni kwa jibu hilo, halafu anajicheka mwenyewe. Wiki iliyofuata ikaandikwa kwenye amri za kudumu za kikosi: kila kirudipo nyumbani na kupita nambari 41, ngoma kubwa itapiga mawili, bendi itanyamaza, na askari watatazama kulia. Dugald akapandishwa cheo kuwa koplo kwa ubunifu. Ubunifu, jamani!

Ndipo tunapofika kwenye ndoa. Murdo alikuwa na dada, Ishbel, aliyekuwa akiuza kwenye kaunta ya mbele. Dugald alikuwa akimpenda tangu enzi za makopo, lakini mbele ya wasichana alikuwa domo zege. Alinunua mikate ambayo kwao haikuhitajika, mpaka Bi. Jessie akalalamika kuwa anafuga panya. Hatimaye alipiga moyo konde, akaenda kumwomba Bi. Euphemia. Mama yule hakumwacha hata amalize. Alisema kijana aliyemnyamazishia mwanawe ngoma mbele ya mji mzima, hawezi kumnyima binti. Ndoa ilifungwa kanisani humu tarehe 26 Julai 1969, na maharusi walitoka chini ya upinde wa singe. Dugald alikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote Strathorran, na papo hapo mwizi, kwa hesabu yake mwenyewe. Aliona amepewa mke kwa sifa isiyokuwa yake. Hilo ndilo jiwe alilolibeba, na ndilo mnaloambiwa leo.

Aliendelea na ngoma kubwa hadi tarehe 31 Mei 1985, alipostaafu akiwa sajini. Kila kikosi kiliporudi kutoka ng'ambo alipiga yale mawili, safari hizi kwa makusudi, na kila mara Bi. Euphemia alitoka na ndoo ile ile ya bati. Watu walisema ameitunza kwa heshima. Baada ya kustaafu Dugald aliingia dukani kwa mama mkwe wake, akajifunza kuoka akiwa na miaka arobaini. Mikate yake ya mwanzo ilikuwa migumu, Ishbel aliwaambia wateja kuwa ni ya kujihami. Baadaye ikawa mizuri, na wengi wenu mmeila hadi duka lilipokodishwa kwa mwokaji mwingine mwaka 2012, wenyewe wakabaki ghorofani.

Jumanne moja ya Februari 1988, Dugald na Bi. Euphemia walikuwa wakikwangua trei za skonzi, wawili peke yao. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa. Sajini mstaafu Gillanders, aliyepita Adeni bila kukimbia, alikwangua trei moja hiyo hiyo kwa robo saa, kisha akasema yote kwa pumzi moja: kwamba lilikuwa kosa, kwamba alipoteza hesabu, kwamba hakumnyamazia Murdo bali mkono ulimponyoka. Bi. Euphemia aliendelea kukwangua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi kaa. Na mimi ninalo langu."

Akamwambia kwamba siku ile aliapa hatawaona wala hatawasikia. Alishusha pazia, akajaza pamba masikioni, zumari zikapenya hivyo hivyo. Akaanza kupiga deki ili afanye chochote. Ziliponyamaza alishusha pumzi, akajua wamekwenda zao, akabeba ndoo ili akamwage maji machafu barabarani.

"Nilidhani mmeshapita, Dugald. Ningejua mpo, nisingefungua ng'o."

"Lakini ulisimama, mama. Ulisimama mpaka wa mwisho."

"Nikasimama, ningefanyaje? Wakaanza kunigeuzia nyuso. Nikawa nawatazama mmoja mmoja. Nikasema, labda waliandika vibaya. Labda yumo." Aliifuta trei upya, ingawa ilikuwa safi. "Nilifika hadi yule wa mwisho. Hapo ndipo nilipoamini. Barua sikuwa nimeiamini, wala Mchungaji. Na bila kosa lako nisingefungua mlango ule, ningekuwa namsubiri hadi leo."

Dugald alilia juu ya trei. Mama akamwachia alie, halafu akamwambia atazame chumvi isije ikaingia kwenye unga. Wakakubaliana mambo mawili. Kwanza, wanyamaze, maana mji umepata kitu cha kushika na haifai kuupokonya. Pili, wasife wote wawili nalo. Atakayetangulia aende kimya, na atakayebaki aseme akiwa tayari.

Bi. Euphemia alitangulia, tarehe 19 Novemba 1994. Dugald akabaki, na hakuwa tayari. Kikosi kiliendelea na desturi. Hata vikosi vilipounganishwa na kubadilishwa majina, ile haikuguswa. Kila gwaride la kurudi nyumbani alialikwa kusimama karibu na Kanali aliyekuwapo, amevaa kilti, ile sketi ya kikosi, na medali zake, na vijana wakamwonyesha kwa kidole kuwa huyo ndiye mzee aliyeanzisha. Mwaka 2011, waliporudi kutoka Afghanistan, aliapa kuwa leo atasema. Akamwona mama mmoja wa Aberdeen, aliyempoteza mwanawe huko, amesimama kimya mbele ya nambari 41 na mkono kifuani. Akarudi nyumbani na siri yake, akakataa chakula cha jioni.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019, nao ulianzia mkono wa kulia, ule wa ngoma. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Mkono ulitetemeka juu ya meza wakati wa chai, na yeye aliutazama kwa hasira kama anayemtazama askari mwanafunzi aliyekosea hatua. Ishbel alimnyoa, akamvisha, akamlisha supu ya shayiri miaka karibu sita bila kulalamika mbele za watu. Malalamiko aliyaweka kwa ajili ya mume mwenyewe, na mume aliyafurahia.

Oktoba iliyopita, akijua siku zinahesabika, alimkalisha mkewe akamwambia yote. Ilimchukua muda, maana sauti ilikuwa imepungua. Alipomaliza alimwambia kwamba anaona alimwoa kwa ulaghai. Ishbel alikuwa akifuma soksi, akafika mwisho wa mstari kwanza.

"Mama aliniambia mwaka tisini na mbili," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Miaka thelathini na mbili, Ishbel?"

"Nilifikiri ungesema kabla ya Krismasi ile." Kisha akaweka soksi chini, akamshika ule mkono unaotetemeka. "Mimi sikuolewa na kimya, mwanamume wewe. Nilikupenda tangu ulipokuwa unanunua mikate ya panya. Mama ndiye aliyehitaji sababu. Mimi nilihitaji tu uulize."

Tangu siku hiyo alilala vizuri zaidi. Siku iliyofuata alimwita Rhona, akampa kazi hii ya kusoma. Alimwambia asome lote, hadharani, mbele ya kikosi. "Ukiruka pale, nitajua," akasema. Alifariki nyumbani, ghorofani kwa nambari 41, Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia. Ishbel anasema mkono ulitulia kabla yake kidogo, kama umepewa ruhusa ya kuvunja safu.

Hakutaka kikosi kisikie habari hii kwa kushtukizwa. Kwa hiyo wiki iliyopita familia ilimpelekea ukurasa huu Koplo Mhairi Baikie, ambaye ndiye mpiga ngoma kubwa wa leo, na tukamwambia yuko huru: akitaka ngoma ilie moja kwa moja mbele ya nambari 41, hatutamlaumu. Alisoma, akairudisha karatasi.

"Tumenyamaza pale mara kumi," akasema. "Kosa lilikuwa mara moja tu. Zile tisa tulikusudia."

Kwa hiyo ratiba ni kama marehemu mwenyewe alivyoagiza. Tukitoka hapa, bendi itatangulia kushuka Mtaa Mkuu, na jeneza litasubiri kwenye kona ya benki. Mbele ya nambari 41 Koplo Baikie atapiga mawili, bendi itanyamaza, na kikosi kitatazama kulia. Kimya hicho ni cha Murdo Mackillop. Marehemu alisema wazi kwamba si chake na asipewe hata kidogo. Bendi ikishapita mlango itaanza tena kwa nguvu, na hapo ndipo jeneza litapita, kwa kelele. Wale saba waliopewa kadi za kamba za kushushia jeneza, tafadhali mkumbuke namba zenu. Kamba ya nane haina mtu. Ameiacha wazi makusudi, upande wa mbele, ule ambao Murdo alishika kwenye machela.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Ishbel, watoto wawili, Fergus na Rhona, wajukuu wanne, ambao mmoja tayari anapiga makopo, na dada yake mkubwa, Bi. Wilma, aliyeko Kanada na anatusikiliza kwa simu. Na vijana wengi wa ngoma aliowafundisha kuhesabu, yeye asiyejua kuhesabu.

Na sasa mkiona Mama, Bi. Ishbel, ameinuka kwenye kiti cha mbele, msimshike mkono wala msimfuate. Mpisheni. Yeye hatatembea na jeneza. Ndoo ya bati iko tayari nyuma ya mlango wa nambari 41, ameijaza maji mwenyewe asubuhi, na lazima awepo mtu wa kuufungua bendi ikinyamaza.

Dugald, umesema. Pumzika sasa, kwa amani.